Aliyefyeka Barabara ya Juu

Kahama, 9 Februari 2025

Mama Ihirwe,

Salamu nyingi kutoka huku Kahama. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, na huo unaujua tangu zamani. Natumaini wewe na Ihirwe hamjambo. Sasa lazima ni binti mkubwa. Msalimie sana, mwambie baba yake anamkumbuka.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Ningepiga simu, lakini Usumani amekataa katakata kunipa namba yako. Nilimwambia, wewe Usumani ulikuwa utingo wangu, mimi ndiye niliyekufundisha kushika usukani, leo unaendesha basi la Kigali unaninyima namba ya mke wangu? Akasema, "Andika barua nitaipeleka. Zaidi ya hapo msiniingize." Basi naandika.

Ameniambia habari ya barabara yetu. Kwamba kipande chote cha Barabara ya Juu, kuanzia kona ya mikaratusi mpaka darajani, hakitavunjwa wala kujengwa nyumba. Eti ndicho kipande pekee cha barabara kuu ya zamani kilichobaki kizima, pamoja na mawe ya ukingoni yaliyochongwa na wazee wetu kwa shokoa, kazi ya lazima bila malipo, enzi za Wabelgiji. Kitahifadhiwa. Magari hayatapita, watapita wageni kwa miguu na baiskeli, na nyumba yetu wanataka iwe mahali pao pa kupumzikia.

Winifred, unakumbuka? Malori yamejipanga mbele ya mgahawa mpaka kwenye kona, breki zinatoa moshi, wewe unapakua ugali na isombe ya majani ya muhogo huku unamgombeza Mkenya aliyetaka kuondoka bila kunawa mikono. Halafu wakafungua lami mpya kule bondeni, na malori yote yakatuhama kama vile hatukuwahi kuwalisha watu wale. Sikukimbia, mke wangu. Niliyafuata malori kwa sababu sikujua kazi nyingine. Nilisema nikishajipanga nitawaita. Mambo yakawa magumu, mwaka ukawa miaka.

Sasa nimechoka na ugenini. Nataka kurudi nyumbani. Hati ya kiwanja ina majina yetu mawili, kwa hiyo hata hao wa ofisi ya uhifadhi watanihitaji. Niambie nije lini.

Mumeo,
Jean-Bosco


Kigali, 23 Februari 2025

Bosco,

Usumani ameileta barua yako. Aliiweka mezani, akakataa chai, akaondoka.

Ni kweli, barabara itahifadhiwa. Alikuja mama mmoja wa ofisini anayeitwa Aurore, na vijana wawili wenye mashine ya kupimia. Walipiga picha mawe, mtaro, daraja, hata jiko letu la nje. Mgahawa wenyewe uling'olewa paa na upepo zamani. Naishi vyumba vya nyuma, nashona sare za wanafunzi wa Batsinda.

Usije. Kama wanahitaji sahihi yako, watakutumia karatasi huko huko.

Mengine uliyoandika sina la kukujibu.

Winifred


Kahama, 16 Machi 2025

Mama Ihirwe wangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Ni fupi na ina hasira, lakini umejibu. Mwanamke aliyefunga moyo hajibu.

Na nimejua jambo jingine. Juzi nilimkalisha Usumani kwenye supu, nikamuuliza, hivi ile barabara imebakije nzima wakati hakuna gari lililopita miaka yote hii? Kwa mvua za kule kwetu ilipaswa kuwa msitu. Alizungusha kijiko weee, mwisho akasema, "Winifred ndiye anafyeka. Anazibua mitaro. Anajaza mashimo kwa mikono yake." Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu ulipoondoka."

Winifred, niliacha kula. Nilitoka nje nikalia, mwanaume mzima. Kumbe muda wote niliodhani umenitupa, wewe ulikuwa unaniwekea njia. Ungekuwa umenisahau ungeziacha nyasi zimee. Ninaweza kukuona pale na panga lako, unachungulia kona ya mikaratusi kila ukisikia injini.

Nilikukosea, sikatai. Lakini ulinisubiri, na mimi nitakuja. Tutafungua tena jiko. Ihirwe atakaa mbele pale apokee wageni, kukaa hakumsumbui, na sura yake nzuri itawavuta. Nilimwambia Usumani maneno hayo hayo, naye akainuka akaenda kulala kwenye basi lake. Sijui siku hizi ana nini.

Wako daima,
Jean-Bosco


Kigali, 30 Machi 2025

Bosco,

Sikutaka kukuandikia haya. Umenilazimisha.

Ulipoondoka, Ihirwe alikuwa na miaka saba. Masika ya kwanza tu, lami ilipasuka, na watu wa moto, yaani bodaboda, wakakataa kupanda huku. Shule iko Batsinda, mwisho wa barabara. Nilimbeba mgongoni mpaka akawa mzito, akawa anaona aibu mbele ya wenzake. Halafu masista wakatupa kiti cha magurudumu. Siku ya kwanza tulifika kwenye mvule tu, tairi likazama. Tukarudi nyumbani, akalia, nami nikalia nikiwa jikoni asinione.

Kesho yake niliazima fyekeo kwa mwenyekiti wa mudugudu, mtaa wetu.

Hiyo ndiyo barabara yako, Bosco. Nilikuwa nafyeka upana wa kiti. Mashimo nilijaza matofali yaliyovunjika ya mgahawa wako, nikayashindilia kwa miguu. Mvua ikipiga, naamka kabla ya Ihirwe nitoe udongo mtaroni, maana maji yakikosa njia yanakula kingo. Jumamosi tulikwenda wote. Yeye anakaa kwenye kiti na kofia yake ya manjano, ananionyesha kwa kidole: "Mama, pale bado. Na pale bado." Mteremko wa kuelekea darajani aliupenda, anajiachia, anafunga breki kwa ndala, mimi nakimbia nyuma napiga kelele, yeye anacheka.

Alifariki Novemba 2018. Kifua. Tulikaa hospitali siku chache tu. Alikuwa na miaka kumi na minne. Usumani alisimamisha safari yake akaja kubeba jeneza.

Kwenye mazishi nilimwapisha Usumani: Bosco akikuuliza habari za mtoto, mwambie yote. Asipouliza, nyamaza. Mmekutana Kahama miaka yote hii, mmekula meza moja. Ulimuuliza bei ya mafuta, ulimuuliza nani ameoa na nani amefungwa. Mtoto hukumuuliza. Hata juzi ulimpangia kazi, hukuuliza hali yake.

Alipokwisha kuzikwa niliendelea kufyeka. Sikuwa na sababu, na sikumngoja mtu. Wewe ndiye wa mwisho ambaye ningemfyekea.

Usiniite tena Mama Ihirwe kwa kalamu yako.

Winifred


Nyamirambo, 4 Mei 2025

Winifred,

Barua yako niliipokea gereji. Nilikaa chini kwenye tairi mpaka fundi akafikiri nimepatwa na kiharusi.

Nimekuja Kigali. Nalala kwa Usumani, chumba cha uani, karibu na mafundi cherehani wenzako. Alhamisi nilifika mlangoni kwako. Najua ulikuwemo, cherehani ilinyamaza nilipobisha. Nilisimama pale muda mrefu. Kisha nikaisikia inaanza tena. Nikaelewa, nikaondoka.

Usumani alinipeleka makaburini. Nilipoona jina lake kwenye msalaba miguu iliniisha nguvu, Usumani akanishika. Nilimwacha anatambaa kwenye mkeka akicheka, na huyo ndiye niliyekuwa naye kichwani siku zote. Kichwani mwangu hakukua, hakuumwa.

Sikuombi chochote. Nataka kuwa karibu tu. Huko Kahama sina mtu wa kunifanya nirudi.

Nilipita pia ofisini kwa Madame Aurore, kusalimia tu, kwa kuwa jina langu lipo kwenye hati. Walinipokea vizuri, wakanipa Fanta, wakaniuliza habari za malori ya zamani. Nikawasimulia kidogo. Wanapenda sana hadithi, watu wale.

Jean-Bosco


Kigali, 22 Juni 2025

Bosco,

Jana nilivaa kitenge changu cha misa. Madame Aurore alikuwa ameniambia, "Mama Winifred, usikose kwenye uzinduzi, kuna heshima tutatoa." Nilikaa mstari wa pili chini ya hema. Wageni walikuwa wengi, wakubwa wa mji, wazungu, wanafunzi wenye bendera ndogo. Aurore akashika kipaza sauti: "Barabara hii isingekuwepo bila mtu mmoja aliyeitunza kwa mikono yake. Naomba asimame."

Nilisimama, Bosco. Mbele ya watu wote nilisimama.

Akasema, "Mzee Jean-Bosco, karibu."

Illuminée, jirani yangu, ndiye aliyenivuta kwa mkono nikakaa. Wewe ukapita katikati ya viti na koti la Usumani, umenyoa, unachechemea kidogo kama mtu aliyeumia kazini. Nilidhani utatoa hadithi za malori. Nilikuwa tayari kukuachia hizo, ni zako. Ukaanza: "Nilikuwa na binti. Miguu yake haikuwa na nguvu."

Ulisema yote. Mvule. Tairi lililozama. Matofali ya mgahawa. Kofia yake ya manjano, Bosco, kofia ambayo hujawahi kuiona! Ukainua kidole ukaionyesha barabara, ukasema, "Akawa ananiambia, Baba, pale bado. Na pale bado." Wanawake wakatoa leso. Mzungu mmoja alivua miwani.

Nilikuandikia maneno yale ili yakuumize. Sikukuandikia ili upande nayo jukwaani.

Baadaye nilimfuata Aurore pembeni. Nikamwambia, "Huyu mtu hakuwepo. Mimi ndiye nilifyeka. Mtoto alikuwa ananiita mimi, Mama."

Akanishika bega. "Mama, tunaelewa uchungu wako. Lakini hii ni hadithi ya familia nzima, si ya mtu mmoja. Mzee ametaja jina lako pia."

"Alinitaja vipi?"

"Amesema ulikuwa unampikia."

Bango limeshachapishwa kwa lugha tatu. Jina lako kwa Kinyarwanda, jina lako kwa Kifaransa, jina lako kwa Kiingereza. Nimelisoma lote. Nimeambiwa nibaki nyumbani, nipike chai ya wageni, na wewe upewe chumba cha mbele. Leo asubuhi nimebeba cherehani na kitanda. Nimepanga Batsinda. Sahihi yangu sikuitoa na sitaitoa, lakini Aurore ameniambia kwa adabu kwamba barabara ni mali ya umma, na nyumba itatumika wakati tunaendelea "kuelewana".

Usinifuate.

Winifred


Barabara ya Juu, 25 Juni 2025

Winifred,

Nisikilize kwanza. Sikupanga. Walikuwa wameniuliza ofisini, "Nani aliitunza?" nikasema, "Sisi." Neno lilikuwa sisi. Wao ndio waliandika mimi. Na siku ile niliposhika kipaza sauti, nilitaka kusema mke wangu. Naapa. Lakini watu walikuwa wananitazama kama ambavyo hakuna aliyenitazama tangu niache usukani, na mtoto akawa karibu sana kwangu, nikamwona, nikamsikia ananiita. Ukisimulia kitu kwa nguvu namna ile unakuwa kama ulikuwepo.

Je, ni vibaya hivyo baba kumlilia mwanawe?

Wamenipa fulana yenye jina la barabara na kazi ya kupokea wageni. Rudi. Chumba cha nyuma nimekifagia. Hatuhitaji kuzungumza. Wageni wanaulizia mama wa mtoto, na sijui niwajibu nini.

Jean-Bosco


Kahama, 17 Agosti 2025

Kwako Dada Winifred,

Shikamoo. Hunifahamu. Mimi naitwa Kabula, nakaa hapa Kahama, nauza maharage sokoni. Nimepata jina lako kwa dereva wa basi, Usumani. Alinikwepa wiki nyingi, mpaka siku moja nilisimama mbele ya basi lake na mtoto mgongoni, nikamwambia hatoki. Ndipo akakubali kuibeba barua hii.

Kwanza nikupe pole kwa msiba. Baba Minza, huyo Bosco, alituambia mwezi wa nne kwamba mtoto wake mkubwa wa Kigali amefariki, anakwenda kumzika. Alilia sana. Majirani walitoa rambirambi, na mimi nilimpa blanketi jipya akufikishie wewe. Kwetu mama aliyefiwa hulala chini, nikafikiri Kigali kuna baridi. Pole sana dada. Mtoto ni mtoto, hata ukiwa na wengine kumi.

Alisema baada ya arobaini atarudi. Simu yake sasa haipatikani. Nimeishi naye miaka tisa. Tuna mtoto mmoja wa kike, Minza, ana miaka sita na amepungukiwa kusikia. Daktari anasema akipata mashine ya masikio mapema atajifunza kuongea vizuri. Sikulaumu. Aliniambia mliachana zamani, kwamba ulimfukuza. Mambo yenu ni yenu.

Nauliza moja tu, unijibu kama mzazi mwenzangu. Yuko hai? Kama ni mgonjwa nije nimchukue. Kama amekufa uniambie, nitue mawazo.

Mdogo wako,
Kabula


Batsinda, 7 Septemba 2025

Mdogo wangu Kabula,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Yuko hai. Si mgonjwa. Amenenepa. Yale aliyokuambia juu yangu, sahau. Sikumfukuza, aliondoka kufuata malori, nami nikabaki na mtoto asiyetembea. Na mtoto wangu, Ihirwe, hakufa mwezi wa nne. Alikufa mwaka 2018. Wakati baba yake analia huko kwenu na majirani wanachanga, msalaba wake wa kwanza ulikuwa umeshaoza chini, na nilikuwa nimeubadilisha mwenyewe mwaka jana. Blanketi halikunifikia.

Lakini pole yako imefika. Nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Tangu nimzike mwanangu, wewe ndiye wa kwanza kutoka upande wa baba yake kunipa pole. Baba mwenyewe hajawahi kulitamka neno hilo. Aliniandikia miguu yake jinsi ilivyoisha nguvu.

Baada ya barua yako nilikwenda barabarani. Nilikuwa nimeapa sitakanyaga, nikaenda. Nilijiunga na wageni, watu kama ishirini, nikasimama nyuma. Yeye alikuwa mbele na fulana yake, anasimulia mtoto, anasimulia kiti. Sasa ameongeza mengine. Anasema siku ya mwisho mtoto alimshika mkono akamwambia, "Baba, asante kwa barabara." Kabula, mwanangu siku ya mwisho hakuweza kusema hata neno moja. Alikuwa anatafuta pumzi.

Nikanyanyua mkono kama mgeni. Nikauliza, "Huyo mtoto alipokuwa anakufa, wewe ulikuwa wapi?"

Aliniona. Watu wakageuka wote.

"Nilikuwa njiani, mama," akasema.

"Njiani wapi? Na Minza ni nani?"

Nilifikiri, basi, leo imekwisha. Kisha akafuta macho kwa kiganja, akawaambia wageni polepole, "Mtanisamehe. Huyu ni mke wangu. Tangu msiba hajawa sawa. Wakati mwingine anataja majina tusiyoyajua."

Wakanihurumia. Mama mmoja mnene, mwenye kofia ya jua, alinikumbatia, akanipa chupa yake ya maji, akaniambia sikioni, "Una bahati, mama. Wanaume wengine wangekimbia."

Nilirudi Batsinda na chupa ile mkononi. Nimeshona usiku na mchana tangu siku hiyo.

Nimefikiri cha kukujibu. Ningeweza kusema msahau, lea mwanao. Mimi nilinyamaza hivyo miaka mingi, nikaona ni heshima, na kimya changu ndicho alichokikuta kikiwa wazi kama nyumba, akaingia akakaa. Wewe usinyamaze. Mtoto wako yu hai na masikio yake yanadai baba aliye hai, mwenye kazi na mshahara, anayejulikana ofisini kama mzazi mwema kuliko wote Kigali.

Usumani amekubali kuwaleta bila nauli. Nimemwambia ana deni na mimi la kunyamaza, ingawa mimi ndiye nilimwapisha, hakubisha. Mkishuka stendi ya Nyabugogo msipite kwa Bosco. Njooni kwangu, mle, mlale, Minza nimempimia gauni kwa kukisia tu, tutalirekebisha akifika. Kisha asubuhi tutakwenda barabarani wote watatu, mtoto katikati. Sitauliza swali tena. Wewe mwite tu Baba Minza, jina analoitwa nyumbani kwako, na Minza akimwona mwache amkimbilie.

Njooni Ijumaa. Jumamosi ndiyo siku wageni huwa wengi.

Dada yako,
Winifred, mama yake Ihirwe